Nani Ataufungua Mgongo Wangu

Kiatu changu cha kulia kilibaki katikati ya kanisa, nami nikaendelea kutembea mpaka kwenye benchi bila habari. Nilikuwa natoka mbele kutoa shukrani, nimevaa suti niliyoshonewa Doha, na mama mmoja wa kikundi cha wanawake akanifuata amekibeba kiatu kwa mikono miwili kama anayebeba keki ya harusi. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Mke wangu hakucheka. Alingoja nikae, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Hukusikia kimetoka?”

Sikuwa nimesikia. Ndipo nilipojua kwamba maumivu ya kiuno niliyokuwa nayafunga kwa mshipi mpana miezi mitatu yalikuwa yameshuka na kuushika mguu.

Niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini kumchagua daktari kulinichukua karibu mwezi. Nilizaliwa Kesses, mtoto wa sita wa mkulima wa mahindi. Nilisoma diploma ya mitambo ya ubaridi nikijilipia karo kwa kuchimba mitaro. Nikaenda Doha kusafisha machujio ya viyoyozi, na baada ya miaka kumi na minne nikarudi nikiwa msimamizi wa mafundi wa jengo la ghorofa arobaini. Nyumba yangu ya Kapseret niliichora mwenyewe. Kituo changu cha kupozea maziwa pale Cheptiret nilikifunga kwa mikono hii, kuanzia bomba la kwanza hadi la mwisho, na mpaka leo watu wenye shahada huja kuniuliza kwa nini mitambo yao inavuja. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza. Kompresa mpya ilifika kituoni, vijana wa kuipakua wakawa wanabishana waishike upande gani, nami nikainama nikainyanyua peke yangu ili niwaonyeshe. Niliwaonyesha. Niliposimama, kitu kilipasuka kiunoni, na tangu siku hiyo sikuweza kufunga kamba za viatu bila kwanza kujiandaa moyoni.

Daktari tunayemwona siku zote alinituma nikapigwe picha ya MRI. Mojawapo ya ile mito laini iliyo kati ya mifupa ya mgongo, wao huiita diski, ilikuwa imepasuka, na kipande chake kilikuwa kinaubana mshipa wa fahamu unaoendesha mguu wa kulia. Aliniambia nisimame kwa visigino. Wayo wa kushoto uliinuka. Wa kulia ulianguka sakafuni kwa mlio, kama kofi. Akasema maumivu peke yake yangeweza kungoja, lakini wayo unaoanguka haungojei: ukikaa wiki nyingi hivyo, huenda usirudi tena, na mtu akabaki akiuburuta maisha yake yote. Akanishauri nitafute mpasuaji wa kibinafsi upesi. Nilipomwuliza yupi, alisema Eldoret ina zaidi ya mmoja, nichague.

Kuchagua fundi ndiyo kazi yangu. Doha nimeajiri mafundi kutoka nchi saba na nimewarudisha wengine kwao kabla hawajafungua begi. Nilinunua daftari, nikaandika maswali tisa. La kwanza lilikuwa: umefanya upasuaji kama huu mara ngapi mwaka uliopita? La tisa: kama ningekuwa baba yako, ungenifanyia nini?

Habari zilienea kabla wino haujakauka. Jirani yangu alisema mgongo haukatwi, anamjua mtu aliyekatwa akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Nilipombana, ikawa mtu huyo alianguka kutoka kwenye lori. Shemeji alitaka niende kukandwa mafuta. Wengine walinipeleka India kwa maneno tu, bila kuniuliza kama nina pasipoti, mimi ambaye pasipoti yangu imejaa mihuri mpaka ukurasa wa mwisho. Lakini wote walikubaliana juu ya mtu mmoja: daktari wa wanariadha.

Mji wetu una udhaifu huo. Mwanariadha akinunua shamba mahali, nasi tunakimbilia kununua kando yake. Akipeleka watoto shule fulani, shule hiyo inajaa. Na daktari aliyemtibu, tunaamini anaweza kutibu lolote, hata meno. Mimi niliyezunguka dunia sikuwa tofauti. Nilipopiga simu nikapewa siku ya kumwona, niliwatangazia wakulima waliokuwa wamepanga foleni na mitungi yao pale Cheptiret kwamba mgongo wangu utafunguliwa na daktari wa mabingwa.

Ukuta wa kliniki yake ulijaa picha za watu wakivuka utepe. Niliketi kati ya vijana wembamba waliokuwa wamenyoosha miguu mirefu mpaka katikati ya chumba. Mmoja aliniangalia tumbo, akaangalia fimbo yangu, akaniuliza kwa heshima kabisa, “Mzee, wewe ni wa mita ngapi?”

“Kumi,” nikamwambia. “Kutoka kitandani hadi chooni.”

Chumba kizima kilicheka, na nikaingia kwa daktari nikiwa na furaha. Aliitazama picha yangu kwa muda. Nikafungua daftari nikamsomea swali la kwanza. Akatabasamu.

“Mzee, mimi ni wa magoti na vifundo,” alisema. “Nikiufungua mgongo wako, tutakuwa wawili tusiojua kinachoendelea, na wewe utakuwa umelala.”

Alinipa majina ya wapasuaji wawili wa mgongo, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilimheshimu sana, ila kituoni nililipia. Wakulima walitaka kujua kama mabingwa wamenikataa. Mama mmoja mwenye ng'ombe wawili tu aliniuliza kama ni muda wa kufuzu ndio umenishinda. Wiki nzima ilikuwa imepita, na wayo wangu ulikuwa umeanza kugonga kizingiti cha mlango wangu mwenyewe.

Mpasuaji wa kwanza kati ya wale wawili alikuwa ghorofa ya tano ya jengo la vioo. Kiyoyozi chake kilikuwa kimefungwa vizuri, jambo ambalo mimi huliona kabla ya kumwona mtu. Alikuwa amefika Doha kwa mkutano, tukazungumza kuhusu majengo ya kule dakika ishirini, akanisifu kwa nilivyorudi na kujijenga. Kisha akaiweka picha kwenye kompyuta, akanionyesha video ya mashine yake, akasema ataweka vyuma na skrubu na Alhamisi nitakuwa mezani. Mguu utarudi kama mpya, asilimia mia. Kuhusu swali la kwanza alisema ni nyingi sana, nami nikaandika “nyingi sana”. Nilitoka pale natembea kama aliyekwisha kupona. Mke wangu alisema jambo moja tu ndani ya lifti: hakukuvua kiatu.

Wa pili alikuwa mwanamke, rika la dada yangu mdogo, mzaliwa wa upande wa magharibi. Kliniki yake ilikuwa juu ya duka la mbegu, na pangaboi lake lilipiga kelele mpaka nikajizuia kwa nguvu nisilifungue. Kabla sijatoa daftari alikuwa ameniambia nivue viatu, soksi na suruali. Alinitembeza kwa visigino, kwa vidole, akanigusa miguu kwa ncha ya kalamu huku nimefumba macho, akaniuliza kama mkojo unatoka sawasawa. Aliniuliza hilo mbele ya mke wangu. Nikasema unatoka vizuri sana. Akaniuliza nilibeba nini. Nikasema vijana walikuwa wanabeba mtambo, nami nikawasaidia kidogo.

“Alibeba peke yake, Daktari,” mke wangu akasema. “Wao walikuwa wanatazama.”

Daktari aliandika hilo bila kucheka, nikamshukuru kimoyomoyo. Alinieleza kwamba mifupa yangu haijalegea, kwa hiyo haoni kazi ya vyuma. Angeondoa kipande kinachobana, afunge. Nikamsomea maswali yangu. La kwanza alilijibu hapo hapo: thelathini na mmoja, na wawili kati yao aliwarudisha mezani mara ya pili. Sikuwa nimeuliza habari ya hao wawili. La tisa lilimfanya aweke kalamu chini. Alisema yeye asingempasua baba yake mwenyewe. Angemtafutia mwingine, ili mkono usitetemeke.

“Na mguu wangu utarudi?” nikauliza. Hilo halikuwa kwenye daftari.

“Maumivu, natarajia yaondoke. Wayo kuinuka, siwezi kukuahidi, Mzee. Umekawia. Kila wiki unayoongeza, unaniongezea kazi.”

Barabarani nilimwambia mke wangu kwamba nimeshaamua, ni yule wa vioo. Mtu asiyejiamini, mimi nitamwamini vipi nikiwa nimelala? Mke wangu alingoja nimalize. Nilipomaliza akaniuliza, “Baba Watoto, yule ng'ombe wetu mweusi, ulimnunua kwa maneno ya mwenyewe?”

Sisi huku hatununui ng'ombe wa maziwa hivyo. Mwenye ng'ombe akikuambia anatoa lita ishirini, unamwitikia kwa adabu, unakunywa chai yake, kisha unaenda na ndoo yako jioni ukamwona akikamwa, na asubuhi unarudi tena, kwa sababu ng'ombe asipokamwa mchana kutwa kwa makusudi, jioni atakudanganya. Yule mweusi nilimwangalia siku mbili. Mgongo wangu nilikuwa tayari kuutoa kwa chai tu.

Basi tukapiga simu kliniki zote mbili, tukaomba kuonana na mtu aliyepasuliwa pale. Karani wa jengo la vioo alisema watatupigia. Simsemi vibaya mpasuaji yule, pengine alikuwa na kazi nyingi, lakini hawakupiga. Kule juu ya duka la mbegu tuliambiwa tungoje kwanza wagonjwa waulizwe kama wanakubali, na kesho yake mmoja alikubali: mwalimu wa kike wa Kesses, mwenye nyumba za kupangisha wanafunzi wa chuo kikuu.

Tulimkuta ghorofani akimgombeza mpangaji kwa sababu ya bomba. Aliteremka kutupokea, na mimi nikasikiliza miguu yake kabla ya kumtazama uso. Mmoja ulikanyaga, mwingine ulipapasa. Nilimgusa mke wangu kiwiko: unaona? Mwalimu aliliona hilo. Alitukaribisha, akatupa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, akanyoosha mguu wake mbele yangu kwenye stuli.

“Haya, ukague,” alisema. “Ulikuja kununua ng'ombe, sivyo?”

Niliona aibu, lakini sikuja Kesses kuona aibu. “Mwalimu, mbona wayo haujarudi?”

“Haujarudi wote, na hautarudi. Aliniambia hivyo kabla hajanigusa. Nilikuwa nimekaa nusu mwaka nikipakwa mafuta.” Aliukunja wayo, ukapanda nusu. “Nilikuwa silali. Nasahihisha vitabu nimepiga magoti. Alisema nitalala, nitapanda ngazi, lakini nisahau viatu vya kisigino. Nalala, napanda ngazi. Viatu nimempa binti yangu.”

Alitueleza zaidi ya hayo, jinsi daktari alivyompigia simu yeye mwenyewe wiki zile za kwanza, jinsi alivyomkemea alipobeba ndoo. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia nilichohitaji. Miaka yote ya kazi, fundi niliyemwogopa kuliko wote ni yule wa “hakuna shida”. Fundi wa maana anakuambia: mtambo huu utafika nyuzi nne, mbili hautafika, usinililie baadaye. Huyo ndiye niliyekuwa nampa funguo za jengo. Nami, kwa sababu ni mguu wangu na niliogopa, nilikuwa nimemkimbilia wa asilimia mia.

Nilimpigia daktari simu nikiwa bado kwenye ua wa mwalimu. Nilimwambia nimemchagua, nikatarajia ashukuru. Alisema nisile kitu Jumanne asubuhi.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, jambo la kwanza nililolitambua ni ukimya. Ule moto uliokuwa unashuka kutoka kiunoni hadi kisiginoni haukuwepo kabisa. Niliwaambia wauguzi, nikamwambia mzee wa kitanda cha pili, nikaeleza jinsi nilivyomchagua daktari mpaka mzee akageukia ukutani. Kisha daktari akaja, akafunua shuka, akaniambia niinue kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilikiamrisha. Kilinitazama tu.

“Si leo,” akasema. “Fanya mazoezi.”

Nilifanya. Nimezoea kazi, na mazoezi niliyafanya kama mtu anayelipwa kwa saa. Mara nne kwa siku nilikaa barazani Kapseret nimevaa kaptura, nikizungumza na kidole. Wiki ya pili, hakuna. Wiki ya tatu ukano unaovuta kidole ulicheza kidogo juu ya wayo, na mtaalamu wa viungo akasema hiyo ni habari njema, lakini mimi sikuwa nimeenda pale kwa ajili ya ukano. Kuna siku nilimwambia mke wangu kwamba kama ndio basi, ni basi. Mwalimu anaishi vizuri. Nilijaribu kulisema kwa sauti ya mtu aliyekubali.

Wiki ya sita, asubuhi, nikiwa jikoni mguu juu ya kiti, kidole kiliinuka. Kiliinuka upana wa kidole cha mkono, kikatetemeka, kikashuka. Kisha nikamwita. Mke wangu alikuja na chujio la maziwa mkononi, akainama, akaweka mkono wake juu ya wayo wangu ili nisimdanganye kwa kusukuma goti.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Kikapanda.

“Tena.”

Nilirudia mara tano, na mara ya tano ndiyo ilikwenda juu kuliko zote. Alifuta matone ya maziwa yaliyoniangukia kwenye goti, akasema sasa anaweza kuwaambia watu mimi nimepona, ila hatanipokonya kazi hiyo ya kutangaza, niwaambie mwenyewe.