Siti Ana Mimba ya Miezi Minane, na Maji Bado Yako Bondeni

Saa moja asubuhi. Siti binti Dadi amepiga goti kwenye chemchemi, chini ya miteremko ya Newala, anateka maji kwa kibuyu. Mtungi ukijaa hawezi tena kuuinua peke yake. Tumbo limemtangulia.

"Nitwike, dada," anamwambia Sikudhani, mteka maji mwenzake.

Anakaza kibwebwe chini ya tumbo ili kulishikilia, anasimama kidogo mpaka miguu ikae sawa, kisha anaanza kupanda.

Ni mwezi wa Shaabani, mwaka 1906. Mimba yake ina miezi minane. Juu kijijini hakuna mto wala kisima; maji hupandishwa kichwani, mwendo wa saa moja na nusu. Siti, mwenye miaka ishirini na miwili, hupanda mara mbili kwa siku kumpelekea maji mfanyabiashara Lukmani. Ujira wake ni kibaba kimoja cha mtama kwa siku. Kabla ya vita alipata vibaba viwili. Tangu mashamba yachomwe na askari wa serikali, Lukmani mwenyewe anakula mara moja kwa siku.

"Zamani niliona mguu unakanyaga wapi," anasema Siti. "Siku hizi siuoni. Nakanyaga kwa kukisia."

Miguu hiyo imevimba. Akiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nyonga zinamuuma, pumzi inamkatikia njiani, matiti yamekuwa mazito. Lakini mashavu yamebonyea na mikono imekonda. Mtama usipotosha, jioni huchimba ming'oko, mizizi ya porini.

Mumewe, Shamte, alichukuliwa na askari kubeba mizigo ya jeshi kwenda upande wa Songea. Mimba ilikuwa ya mwezi mmoja, na Siti mwenyewe hakuwa na hakika. Mpagazi aliyerudi, Fakihi, alimweleza kwamba walimwacha Shamte kando ya njia akiwa na homa. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi nyuma kumtazama.

"Siku ile sikulia," anasema Siti. "Nilikuwa na mtungi kichwani."

Majirani bado wanamwita Mama Mahmudu. Mahmudu alizaliwa mwaka juzi. Siku ya saba baada ya kujifungua, Siti alirudi bondeni. Damu ikamzidi, akaugua, maziwa yakakauka. Mtoto aliishi miezi mitatu.

Wiki mbili zilizopita, akiwa katikati ya mteremko, aliteleza. Mtungi ulipasuka, naye akaangukia ubavu. Kuanzia hapo mtoto hakucheza. Alijikokota hadi kwa Bibi Zena, mkunga.

"Shikamoo, bibi. Mtoto amenyamaza."

"Marahaba, mwanangu. Lala hapa nikupapase."

Zena alipaka mafuta ya mbarika viganjani, akapapasa. Kichwa kilikuwa ubavuni. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Alimkanda taratibu siku nne mfululizo. Jioni ya siku ya kwanza mtoto alipiga teke, na Siti akaangua kilio. Siku ya nne kichwa kilielekea chini.

"Nilimwambia aache maji," anasema Zena. "Akaniuliza, 'Nitakula nini?' Kwangu pia chungu ni kitupu."

Badala yake alimfundisha kuutua mtungi mara tatu njiani, kulala kwa ubavu, na kila asubuhi kuchuchumaa akiwa ameshika nguzo ya nyumba, nyonga zizoee.

"Mimba si ugonjwa," anasema mkunga huyo. "Njaa ndiyo ugonjwa. Tangu mvua zilizopita nimezika wanawake watatu. Watoto wao walikuwa wamekaa vizuri. Nguvu za kusukuma ndizo hazikuwapo."

Siti anawajua wote watatu. Mmoja wao alikuwa akiteka naye maji.

Desturi inampa mzazi siku arobaini za kukaa ndani. Sikudhani na wanawake wengine watano wamekubaliana kwamba Siti akijifungua, kila mmoja atapandisha kibuyu kimoja zaidi kwa ajili ya Lukmani, ili kibaba cha mtama kiendelee kufika kwake.

Siti anautua mtungi kwa mara ya tatu, anaegemea jiwe, anahema.

"Na wao wana njaa," anasema. "Siwezi kuwaomba arobaini. Nikipata ishirini tu, nimelala na mwanangu, maziwa yakatoka, basi. Zitanitosha."