Fundo la Bibi Semwenda

Nakumbuka siku moja ya ukungu, Tumaini, ule ukungu wa Nyololo unaokuzuia hata kumwona ng'ombe wako mwenyewe zizini, nilipopanda lori la pareto nikiwa na woga kama niliouona usoni mwako leo. Umekaa hapo jikoni unachambua maharage, unaniambia kesho unakwenda kituo cha afya kutolewa kitanzi ili mpate mtoto mwingine. Halafu unasema labda uahirishe, maana nesi aliyekuwekea amehamishiwa Mbeya, na majirani wanadai aliyekiweka ndiye peke yake anayeweza kukitoa. Acha kwanza hayo maharage, mwanangu, nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mimi ni msichana tu, mke wa babu yako, na mtoto wetu mmoja, mjomba wako Yohana. Kumzaa nusura kuniue. Naye alikuwa dhaifu, kifua kinambana kila baridi inapozidi, na baridi ya kule unaijua. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Semwenda, ndiye aliyekuja kunitunza uzazi. Siku ya kuondoka aliniita chumbani, akanifunga kiunoni, chini ya shanga, kamba nyembamba ya gome la mti aliyoisokota mwenyewe pajani kwake. Akapiga fundo.

"Hii itakaa mpaka huyu mtoto abebe kibuyu chake cha maji toka kisimani bila kukimwaga," akasema. "Mumeo akiiona atajua."

Kwetu ilikuwa hivyo. Jumapili wanawake tulikwenda na kamba hizo kanisani viunoni na hakuna aliyeuliza. Kama kamba yenyewe ilikuwa na nguvu yoyote, Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua mimi ni kwamba babu yako aliiogopa kuliko polisi. Muda wote ilipokuwa mwilini mwangu alilala chumba cha nje, na asubuhi alinisalimia kwa adabu kama shemeji yake. Cheka tu. Lakini mjomba wako alinyonya akashiba, akanenepa, akaanza kukimbia.

Ikafika siku Yohana akapanda kilima kutoka kisimani, kibuyu kichwani, ulimi nje kwa kujikaza, na maji hayakumwagika. Nililia kwa furaha. Babu yako alisimama mlangoni anatabasamu kama mtu aliyekunywa. Tatizo ni kwamba kamba ile ilikuwa na sharti lake, au ndivyo tulivyoamini wote: mkono uliofunga ndio unaofungua. Mkono mwingine ukigusa fundo, au wembe ukipita, tumbo linafungika moja kwa moja. Na Bibi Semwenda wakati huo alikuwa amehamia Ubaruku, kwa mjomba wangu aliyelima mpunga huko. Kabla sijajiandaa kumfuata, msafiri akaleta habari kwamba bibi ameanguka, hasemi vizuri, na huenda asifikie mavuno.

Bibi akifa na fundo hili kiunoni mwangu, nikawaza, basi nimebaki na mtoto huyu mmoja, naye mwenye kifua. Babu yako hakunizungusha.

"Nenda leo hii," akasema. "Mtoto nitabaki naye."

Ndipo nikapanda lile lori, nimekaa juu ya magunia ya pareto, nimeshika kiuno kwa mkono kama vile kamba ingeweza kuruka. Tulishuka kutoka kwenye baridi hadi Chimala, kwenye joto nisilolizoea, na kutoka pale nikafuatana kwa miguu na watu waliokuwa wakienda Ubaruku. Njia nzima nilikuwa naomba neno moja tu, nimkute hai.

Mjomba alinipokea mlangoni kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, mwanangu. Umemwahi."

Nilimwahi kweli, lakini nilipoingia ndani nikaona mkono wake wa kuume umelala juu ya mkeka, vidole vimejikunja, hauna uhai. Mkono ule ule ulionifunga. Nikapiga magoti, nikamwonyesha kamba.

"Bibi, nifungulie."

Alijaribu. Nakuambia alijaribu mpaka jasho likamtoka, na hakuna kidole kilichosogea. Nikaanza kulia kwa sauti. Basi bibi akacheka, kwa ule upande mmoja wa uso uliobaki unacheka.

"Umetoka Nyololo kwa ajili ya hii?" Maneno yalitoka polepole, mazito. "Miaka yote hiyo hujaiangalia?"

"Niliogopa, bibi."

"Lete mkono."

Kwa mkono wake wa kushoto aliongoza vidole vyangu mpaka kwenye ncha fupi ya kamba, iliyojificha chini ya ushanga. "Vuta."

"Bibi, tumbo litafungika."

"Aliyefunga ni mimi. Vuta, nimesema."

Nikafumba macho nikavuta. Fundo likaachia lote, taratibu, kamba ikateleza ikaanguka mkekani.

"Nilipiga fundo la kuvuta makusudi," akasema. "Ningejuaje kama nitakuwepo? Hilo fundo ni lako. Mimi nilikupumzisha tu."

Siku ile ile aliyonifunga, mwanamke yule alikwisha kuiwaza siku ambayo yeye hatakuwepo. Akaniachia ncha, akaiweka mahali ambapo mkono wangu ungeifikia. Nimekuwa mzee, nimeona mengi, lakini nikikumbuka hilo mwili bado unanisisimka.

Bibi hakufikia mavuno. Nilirudi Nyololo na kamba yangu mkononi. Babu yako alipoiona akauliza nani ameifungua. Nikamwambia, "Mimi mwenyewe." Alikaa chini kwanza. Mwaka uliofuata nikamzaa mama yako, nami nikampa jina la Semwenda.

Sasa sikiliza, Tumaini. Kitanzi si kamba ya gome, usijaribu kukivuta mwenyewe hata siku moja. Hiyo ni kazi ya waliosomea. Lakini hakimngojei nesi mmoja. Yeyote aliyefundishwa kazi hiyo atakitoa. Kilicho chako ni lile neno, kusema sasa nataka, nawe umekwisha kulisema, na mumeo amelisikia. Siku nyingine ukiwekewa kitu mwilini, uliza siku hiyo hiyo kinatokaje na nani atakitoa. Usikae miaka unaogopa kitu ambacho hujakiangalia. Na wewe ukija kumfungia mwanao jambo lolote kwa faida yake, mwachie ncha mahali atakapoifikia wewe ukiwa hupo.

Nesi wa pale kituoni aliwahi kunieleza kwamba kitanzi huwekwa kikiwa na uzi mdogo, unaoachwa makusudi ili kitolewe nao. Nilimkumbuka Bibi Semwenda, nikainama nikalia.

Mungu akulaze salama leo, mwanangu. Akupe mikono mipole kesho, na huyo mtoto atakayekuja akukute una afya na amani. Sogeza hayo maharage nimalizie mimi, wewe nenda ukapumzike.