Leo Tumehubiri Kibarani Bila Kufungua Biblia

Leo tumekwenda kuhubiri nyumba kwa nyumba, na Biblia haikufunguliwa hata mara moja.

Niwaambie ilivyokuwa.

Tulikuwa Kibarani, mimi na mke wangu. Nyumba tatu za mwanzo hazikutufungulia, ingawa redio zilisikika ndani.

Tumezoea.

Ya nne akafungua mama mmoja mtu mzima. Tukampa shikamoo, akaitikia, kisha akavitazama vijitabu vyetu.

"Maombi hapa yameombwa mengi, wanangu," akasema. "Nilichokosa ni mikono."

Sikumwelewa. Akatupeleka chumbani.

Mumewe yuko kitandani, amepooza upande mmoja tangu mwaka jana. Jirani anayesaidia kumgeuza amesafiri tangu juzi, na mgongo wa mzee umeanza kuchubuka. Mama peke yake hamuwezi.

Nikamshika mzee mabegani, mke wangu akamshika miguu, tukamgeuza taratibu. Mama akamwosha mgongo, akabadilisha shuka.

Mzee alifumba macho muda wote. Nadhani aliona haya. Kusema kweli, hata mimi niliona.

Tulipomlaza vizuri akashusha pumzi, akaniambia kwa tabu, "Sasa nitalala, mwanangu."

Tukaaga. Mlangoni mama akauliza polepole, "Na kesho mtapita?"

Hapo wewe ungejibu nini? Niambieni kwenye maoni.

Mimi nilianza kumweleza kwamba kesho tumepangiwa mtaa mwingine.

Mke wangu akanikatiza.

"Tuje saa ngapi, mama?"