Viatu vya Thankamani

Mwaka wa ishirini na sita sasa Thankamani analinda chumba cha miungu ya shaba katika jumba kongwe la makumbusho huko Kerala, na kila siku ugomvi ni uleule. Watu wa mashamba wakifika mlangoni huvua ndara, na wanawake huchomoa maua ya asumini nyweleni ili wamwekee mungu Shiva miguuni.

"Hapa si hekaluni, bibi!" alimkaripia bikizee mmoja Jumapili moja. "Hebu vaa ndara zako, na hilo ua lirudishe kichwani. Mungu wa makumbusho haombwi!"

Bibi wala hakutishika. Alimkagua kuanzia kofia, akashuka na sare mpaka chini.

"Haya, mwanangu. Na wewe viatu vyako viko wapi?"

Thankamani akaitazama miguu yake mitupu. Viatu vyeusi vya serikali vilikuwa chumba cha pili, chini ya tumbo la chui aliyejazwa pamba, anapoviacha kila asubuhi kabla ya kuingia humu.

Akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni.

"Ua liweke nyuma ya kibao cha jina lake, bibi," akanong'ona. "Langu liko hukohuko."