Siku Mama Alipobanika Bomba

Juzi pale Misugusugu niliona gari la watalii, lile lenye kitanda na jiko ndani. Kabla sijawasalimu wenyewe, nilishainama kuchungulia uvunguni.

Nilikuwa mdogo gari kama hilo liliposimama mbele ya kwetu, bomba lake la maji machafu limepasuka, likidondosha maji yanayonuka sabuni na vitunguu. Niliwaonea huruma wazee wawili waliokuwamo. Nilidhani ndugu zao wamewafukuza, ndiyo maana wanaishi garini. Leo najua walikuwa matembezini tu.

Mama yangu alikuwa fundi bomba. Aliipua maharage yetu, akaubanika mkaani mwisho wa bomba jipya la plastiki.

"Mama, leo tutakula bomba?"

"Tulia, mwanangu. Likilainika litameza lenzake."

Akalichomeka lingali la moto kwenye lile la gari, akalishikilia kwa kipande cha kanga mpaka likapoa.

"Litavuja tu hilo, Mama Zawadi," jirani akasema.

Mama alijilaza chali uvunguni, uso chini ya maungio, akapaza sauti: "Haya, mwageni maji!"

Nikayasikia yakipita. Mama akatoka, kanga imejaa vumbi, uso mkavu.