Ukoo Uliopanda Mpaka Kwenye Ufalme

Mwanangu, iko siku moja ya miaka ya tisini, hapa hapa mjini Ibra, ambayo kila nikiikumbuka mwili hunisisimka. Ami yangu Seif, aliyenilea, alikuwa amemkatalia Salum kunioa. "Kijana mzuri, lakini nasaba yake haijulikani," alisema, na maneno yakaishia hapo. Mchagua nazi hupata koroma, lakini nani angethubutu kumwambia?

Siku hiyo alitutembelea mama mmoja wa Kipolandi, niliyekuwa nikifundisha naye skuli. Ami akamchukua kumwonesha nyumba ya mababu zetu, ile iliyohamwa zamani, na mimi nikawa nafasiri. Nje jua la adhuhuri, ndani baridi kama ya kaburini. Ami akasimama katikati ya ukumbi akataja mababu zake, mmoja baada ya mmoja, mpaka sauti ikamkauka.

Mgeni akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kwetu walikuwapo mabwana wa mji wa Leszno. Walipanda cheo baada ya cheo, mpaka mmoja wao akachaguliwa mfalme. Akaondoshwa. Akachaguliwa tena, akaondoshwa tena. Binti yake akawa malkia wa Ufaransa, lakini baba mtu alizeekea ugenini. Siku moja joho lake lilishika moto alipokuwa akijipasha joto mekoni, akafa kwa majeraha. Hakuacha mtoto wa kiume. Jina likafa naye."

Nilipomaliza kufasiri, ikatujia harufu ya nguo inayoungua. Wallahi, mwanangu, nyumba nzima haikuwa na moto.

"Nani huko?" Ami akaita.

Akajitaja: yeye, baba yake, babu yake. Kutoka chumba cha ndani sauti ya kizee ikauliza taratibu:

"Nani?"

Akajitaja tena.

"Nani?"

Tulitoka mbio. Tulipofika nyumbani akanishika mkono. "Wale mababu mle ndani hawanijui," akasema. "Mwambie Salum alete wazee wake."

Baba yako ndiye huyo Salum. Basi akija mtu kuposa, mwanangu, tazama sala yake, kazi yake, na anavyosema na mama yake. Ukoo uuulize mwisho. Nasaba ni jina tu, na mtu ni utu. Mola akupe nyumba yenye vicheko, na wanaokuita wakuite kwa mapenzi. Amin.