Fundi Aliyengoja Kuhani Mkuu Afe

Seremala huyu wa Mungu alizaliwa mwishoni mwa Majilio, mtoto pekee wa mjane aliyeshona sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Baba alimwachia msumeno na randa, hakumwachia sura ya kukumbuka. Alikua mkimya, mwepesi wa mikono, na kabla ndevu hazijamkolea alikuwa akipanda mapaa ya watu pamoja na rafiki yake wa pekee, fundi mwenzake, jirani wa nyumba ya tatu. Huko juu walizoea kutaniana. "Shuka wewe, paa halitaki wazee," mmoja angesema, ilhali walilingana umri. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, asubuhi ya Jumatatu, wakiezeka darasa, boriti ilimponyoka mikononi. Rafiki yake alikuwa chini, ameinama akichagua misumari. Hakuwahi hata kuinua kichwa.

Mahakama ilisema ni ajali, ikamwachia. Lakini kaka wa marehemu, muuza nyama wa mtaa ule, alimsubiri nje na aproni yake kiunoni. "Hakimu kakuachia, mimi sijakuachia," alimwambia. "Nikikukuta mtaani kwetu, mama yako atakuja kukuzoa." Kijana akakimbilia upande wa pili wa mji, kwenye ua wa kanisa kuu. Askofu, mtu wa makamo mwenye kifua kipana na kicheko kikubwa, akampa karakana na chumba kidogo nyuma yake, asimwulize mengi.

Hapo ndipo lilipoanza kosa lake, nalo lilikuwa kosa la mtu mwaminifu. Siku moja kanisani lilisomwa agizo la Sheria ya Musa kuhusu miji ya makimbilio: aliyeua bila kukusudia akimbilie humo, na mlipiza kisasi asimguse, ila asivuke mpaka wa mji hadi kuhani mkuu atakapokufa, ndipo arudi kwao. Watu wengine walikuwa wakitafuta ukurasa wa wimbo. Yeye alisikia anaitwa. Hakumwuliza mtu. Aliamua moyoni kwamba ua ule ndio mji wake, askofu ndiye kuhani wake, na geti ndilo mpaka. Tangu siku hiyo hakulivuka.

Miaka ikapita juu ya kichwa chake kama vumbi la mbao. Alitengeneza milango ya nyumba asizowahi kuziona na vitanda vya maharusi asiowajua. Kazi ya mikono yake ilitoka, mwenyewe akabaki. Jioni mafundi wenzake walipojikung'uta na kwenda makwao, alikaa akisikiliza mji ng'ambo ya ukuta: honi, redio ya mtu, mama akiwaita watoto waje kula. Jumapili mama yake alikuja kumwona. "Mwanangu, huyo kuhani wako ana afya ya ng'ombe dume," alimwambia. "Tukishindana, mimi ndiye nitakayetangulia." Akamsihi asiseme hivyo. "Niseme nini basi? Magoti yamegoma. Nyumbani kuna viti viwili. Kimoja nakalia, kingine nakitazama." Baadaye hakuja tena. Jirani alileta habari kwamba bibi hatoki kitandani, na kila mlango ukilia anauliza kama ni mwanawe.

Jaribu likamjia, nalo lilikuwa baya. Alianza kusikiliza kikohozi cha askofu. Akisikia kikohozi, randa ilisimama. Katika Kwaresima moja askofu alishikwa na homa ya mapafu, na ua mzima ukapiga magoti. Fundi naye alipiga magoti. Alipoinuka, akachagua mbao zilizo bora kuliko zote, akaanza kuunda jeneza ambalo hakuna aliyemwagiza.

Askofu akapona. Wiki moja baada ya Pasaka aliingia karakana akiegemea fimbo, akaliona.

"Hili la nani?"

Fundi akaweka randa chini. Askofu akalipima kwa macho, juu hadi chini. "Mabegani umenibana," akasema.

Fundi akaanguka miguuni pake, akamweleza yote. Askofu akaacha utani. "Kumbe ulikuwa unaningoja mimi? Mimi nikifa, mwanangu, hafunguliwi mtu. Nitazikwa, basi. Sheria ile ilisema kweli: mtu kama wewe harudi kwao mpaka kuhani mkuu afe. Amekwisha kufa. Ijumaa Kuu ulikuwepo, uliubusu msalaba. Ulidhani tunamlilia nani?"

"Na muuza nyama, Baba?"

"Huyo siwezi kumjibia. Nenda kwa mama yako."

Waamini, shikeni jambo hili, maana wapo wanaodhani neema iliichana Sheria kama karatasi chakavu. Haikuichana. Ilituonyesha tu Sheria ilikuwa ikimtazama nani muda wote huo.

Alivuka geti mchana kweupe, mikono mitupu. Mama yake alikuwa hai. "Kaa basi," alisema kwa sauti ndogo, "kiti kimekungoja mpaka kimechoka." Jua halijazama, muuza nyama alisimama mlangoni na kisu. "Nani kakuruhusu kurudi?"

"Yesu aliyenifia. Sikuja kubishana nawe, kaka. Kama ni kunichoma, tusogee nje, mama asisikie."

Yule mtu alimtazama, akamtazama bibi aliyelala akihema kwa shida. "Usinisalimie kamwe," akasema, akaondoka.

Basi mama yake alipofariki, akamzika kwa mikono yake mwenyewe, akabaki mtaani pale hadi uzee, akipishana na mtu yule kila asubuhi bila salamu. Neema ilimfungulia geti, mtaa haukumfungulia. Ila walimjia wengine, waliobeba mzigo kama wake: muuguzi aliyekosea dawa, baba aliyerudisha gari nyuma bila kutazama. Aliwapa msasa na ubao, wakasugua pamoja naye kimya, kisha akawaambia, "Kuhani Mkuu amekwisha kufa. Rudi nyumbani." Inasimuliwa kwamba dereva mmoja, aliyepoteza sauti tangu siku ya ajali yake, aliyajibu maneno hayo kwa sauti: "Naogopa." Akarudi kwao akiongea.

Fundi alifariki katika juma la Pentekoste. Makaburini, wa kwanza kushika sepetu alikuwa muuza nyama, mzee sasa, mgongo umepinda. Mtu akamwuliza kama amesamehe. "Sijui," alijibu. "Niache nimzike jirani yangu."

Watakuwepo watakaosema aliyetamani kifo cha askofu hawezi kuwa mtakatifu. Na waseme! Sisi tumwige. Wewe uliyejifungia kwa sababu ya jambo lisiloweza kurudishwa, usingoje mtu mwingine afe. Toka leo, uende kule unakokuogopa. Na ukifika, usidai kusalimiwa.